Disketi Zenye Jina la Kasilda

Chumba cha kompyuta kilikuwa cha mwisho kwenye ofisi ya ushirika wa asali pale Mpanda, na mlangoni pake watu walivua viatu. Aliyetaka hivyo ni Kasilda. Kwenye mafunzo Tabora aliambiwa kwamba vumbi huua mashine, na vumbi la Mpanda wakati wa kiangazi huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Basi warina asali waliokuja kuulizia ndoo zao walisimama mbele yake na miguu mitupu, na hata meneja, bwana Masunga, mtu mnene asiyependa kuinama, alivua. Jenereta ya mji ilipozimwa, Kasilda aliifunika mashine kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, chenye maua ya njano pembeni, kama watu walivyofunika redio zao nyumbani.

Niliishi naye nyumba moja Kashaulili, vyumba vyetu vikitazamana, na mengi ya haya alinisimulia yeye, kidogo kidogo, akiwa anachambua mchele au anapiga pasi. Wengine wakimtaja husema tu kwamba alikuwa hodari. Alikuwa hodari kweli. Alizaliwa Inyonga, Mkonongo kwa kabila, baba yake akipandisha mizinga porini. Akasomea uhazili, akarudi kupiga chapa barua za ushirika, na mwaka 1996 mradi mmoja wa nyuki ulipogawa kompyuta kwa ofisi za ushirika, ya Mpanda, ya Inyonga na nyingine mbili ndogo, yeye ndiye aliyeketi mbele ya ile ya Mpanda wakati wanaume wote ofisini walisema macho yao hayawezi ule mwanga.

Mwaka mzima kompyuta ile ilifanya kazi ya taipureta tu. Aliyeifanya kuwa kitu kingine ni mwalimu Apollinarie.

Huyu alikuwa Mrundi wa makazi ya Katumba, mmoja wa wale walioletwa wadogo wakikimbia vita vya kwao mwaka sabini na mbili. Alifundisha shule ya msingi makazini. Shirika moja la misaada lilipofunga ofisi yake Katumba, alipewa kazi ya kufungasha vitu, na katika kufungasha akaomba kitabu cha Kifaransa kinachofundisha kuandika programu. Alikisoma mpaka jalada likabanduka, bila mashine. Alipopata kibali cha kutoka makazini na kuja Mpanda, alifika kwa bwana Masunga akamwambia kwamba anaweza kuifundisha kompyuta ile kupokea asali.

"Kupokea asali kivipi, mwalimu? Itaimiminia wapi?" bwana Masunga alimuuliza, na ofisi ikacheka.

Apollinarie naye alicheka, kisha akaeleza. Kila ndoo ikiletwa, mashine itajua ni ya nani, imetoka kijiji gani, uzito wake, na ina maji kiasi gani. Hakuna tena ugomvi wa ndoo ya Ilunde kuhesabiwa ya Inyonga.

Alifanya kazi ile kwa misimu miwili ya kurina, akikaa pembeni ya Kasilda kila alipopewa kibali. Asubuhi alisimama kwenye mizani akiangalia watu wanavyogombana. Alasiri Kasilda alimwachia kiti. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuuliza kabla ya kugusa chochote, hata kalamu. Kasilda alimletea viazi vitamu. Mwalimu naye alimfundisha kuingiza majina, kutafuta, kusahihisha. Programu ile aliiita Mzinga, kwa Kiswahili chote, na mwanzoni mwake palitokea neno hilo tu. Kasilda alimuuliza kwa nini hakuweka jina lake.

"Jina la mkimbizi likitokea kwenye kioo," alisema, "watu wataacha kuangalia ndoo, wataanza kuniangalia mimi."

Siku ya kukabidhi, Kasilda alikuwepo. Apollinarie na bwana Masunga walikubaliana kwa mdomo, wakashikana mikono: Mzinga huu ni wa ofisi ya Mpanda. Ofisi nyingine zikiutaka, zimwite mwenyewe, akauweke na kuwafundisha. Alishaacha ualimu kwa ajili hiyo. Mkewe na wazee wa kanisa lake makazini aliwaambia kwamba kazi yake sasa ni hii, na kwamba akimaliza ofisi zile nne ataweza kuiita kazi bila kuona haya.

Kasilda aliyasikia maneno yale. Hilo hakuwahi kulikana.

Miezi michache baadaye alikuja Kashinje, karani wa ofisi ya Inyonga, mume wa mdogo wake Dorice. Alivua viatu, akaketi, akautazama Mzinga ukipanga majina.

"Shemeji, nyie wa mjini mnakula peke yenu," alisema. "Sisi kule tunahesabu kwa kokoto."

"Muiteni mwalimu aje."

"Mwalimu aje lini? Mpaka apate kibali, asali yote imeshanyweka. Nitilie kidogo hapa." Alitoa disketi mpya mfukoni, imefungwa kwenye leso. "Si kwamba nakumega. Yako inabaki hapo hapo, nzima."

"Ni ya watu, Kashinje."

"Ya watu gani? Mimi ni mtu gani? Mdogo wako akiomba chumvi unamwambia ni ya watu?"

Kasilda alicheka, akaiingiza disketi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kashinje alikuwa amesema kweli kuhusu jambo moja: kilichokuwa ndani ya kompyuta hakikupungua. Kama kingepungua hata kidogo, Kasilda alikuja kuniambia, mkono wake ungesita.

Disketi ya Kashinje ilikataa kusomeka alipofika kwao. Kasilda akampelekea nyingine, ya kwake. Disketi zilikuwa adimu, zilitoka Tabora kwa garimoshi, na mtu aliyekuwa nazo alizihurumia. Kwa hiyo alifanya kama wanawake wote wa pale wanavyofanya wakiazimisha sahani na sufuria kwenye harusi au msiba. Alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akaandika jina lake juu yake ili irudi. KASILDA, MPANDA. Ofisi zile mbili ndogo zilipopata habari, nazo zikaomba, naye akazipelekea, kila disketi na jina lake jekundu. Hakufikiri kwamba anaandika kitu kingine zaidi ya kilichoandikwa chini ya sahani zake.

Apollinarie hakujua. Msimu ulipoanza alipata kibali cha Inyonga, akasafiri juu ya lori la tumbaku, na disketi zake ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya shati la kubadilisha.

Kasilda aliyasikia yaliyompata kutoka kwa Kashinje mwenyewe, aliyekuja Mpanda na ndoo ya asali, zawadi ya mwenyekiti wa Inyonga, mzee Gaudensi. Bwana Masunga aliwaita wafanyakazi wote ukumbini. Ndoo iliwekwa mezani. Kashinje akasimama, akatoa shukrani za kamati kwa dada Kasilda, mtoto wa Inyonga, aliyewatengenezea Mzinga. Watu wakapiga makofi.

"Na kuna mwizi tumemkamata kwa ajili yako, shemeji," Kashinje aliendelea, akifurahia kusikilizwa. "Katoka makazini huko, anasema anatuletea programu. Tunamwashia mashine, tunamwonyesha: hii hapa tunayo. Akabaki ameduwaa. Mwenyekiti akamuuliza, ya kwako umeitoa wapi? Anasema ameitengeneza yeye. Tukamwonyesha disketi, jina hili hapa, jekundu. Soma. Akasoma, akanyamaza. Tukamfungulia mfuko, tukakuta disketi nyingine chungu nzima. Mwenyekiti akazichukua, akamwambia ashukuru hatumpeleki kituoni, maana hata kibali chake kilikuwa kinaisha kesho yake."

"Amenyamaza kabisa?" mtu mmoja aliuliza.

"Angesema nini? Alivaa viatu vyake akaondoka."

Ukumbi ukacheka. Bwana Masunga, aliyeshikana mkono na Apollinarie mbele ya Kasilda, alitazama dirishani kidogo, kisha akasema asali ile igawanywe, kila mtu alete chupa. Kasilda alipewa kijiko cha kwanza. Alikipokea. Aliniambia kwamba alikimeza, akasema asante, na kwamba alipotaka kusema zaidi aliona nyuso zile zinazomtazama kwa furaha, akakaa chini.

Siku zilizofuata alifika kazini mapema na kuangalia mlango. Kila mtu aliyevua viatu nje alimshtua. Alijitayarishia maneno mengi ya kumwambia mwalimu akija kumfokea. Hakuja. Hakuandika. Kasilda alianza kuacha chakula. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema malaria.

Mwishowe alikwenda kwa bwana Masunga, akamwomba ruhusa aende mkutano wa mwaka wa Inyonga akaseme ukweli.

"Acha hayo, Kasilda," meneja alimwambia. "Jina la ofisi limepanda. Na yule mkimbizi atashtaki wapi?"

Katika yote aliyonisimulia, hapo ndipo alipokuwa anakatisha na kutazama kando. Kwa sababu maneno yale, alisema, yeye mwenyewe alishayawaza. Siku ile ya Kashinje, mkono wake ukiwa tayari kwenye mashine, yalimpita kichwani, si kwa ubaya, kama mtu anavyokumbuka kwamba mlango una ufa: atashtaki wapi. Akimsikia meneja anayasema kwa sauti, aliona kama amevuliwa nguo.

Alikwenda bila ruhusa. Kwenye mkutano, mbele ya warina asali waliomjua toka anabebwa mgongoni, alisimama akasema Mzinga si kazi yake. Ni kazi ya mwalimu Apollinarie wa Katumba. Yeye aliunakili bila kumuuliza, jina lile jekundu ni la disketi tu, na mtu waliyemwita mwizi ndiye mwenye mali.

Kisha mzee Gaudensi akakohoa.

"Sasa, binti yangu, unataka tufanyeje? Tuutapike?"

Wengi walicheka, na kicheko kile hakikuwa cha ukali.

"Mumwite. Mumrudishie disketi zake. Mkubaliane naye kama alivyotaka, au muufute."

"Kuufuta haiwezekani, shemeji," Kashinje alisema, naye safari hii bila raha. "Ndoo zote za msimu zimo humo."

"Atupe nini cha kukubaliana, wakati tunao tayari?" mzee mmoja wa nyuma aliuliza, kwa kutaka kuelewa kabisa. "Mtu akuuzie mwanga wa jua ulioko uani kwako?"

Waliishia kuandika kwenye mhtasari kwamba programu ni kazi ya mwalimu yule. Disketi alizonyang'anywa zilitolewa kabatini, akakabidhiwa Kasilda azipeleke. Kashinje akamletea na ile yenye rangi ya kucha. "Hii yako. Nilikuwa nakutunzia," alisema. Ofisi zile mbili ndogo nazo zilirudisha za kwao kwa uaminifu, zikiwa zimefutwa vumbi. Mzinga wenyewe ulibaki kwenye kila mashine.

Katumba alikwenda kwa lori la mahindi. Nyumbani kwa Apollinarie alimkuta Libérate, mkewe, akianika mihogo. Hakumuuliza anataka nini. Alimwonyesha shule kwa kidevu, akaendelea kuanika.

Apollinarie alikuwa darasani. Alikuwa amemrudia mwalimu mkuu akaomba kupokewa tena, na sasa alipewa darasa la tatu, la watoto wanaosoma zamu ya mchana. Alimwona Kasilda dirishani, akawapa watoto kazi ya kunakili ubaoni, akatoka. Alikuwa amekonda kidogo, au shati ndilo lilikuwa kubwa.

"Karibu, dada Kasilda."

Kasilda alimpa disketi zake. Alizipokea kwa mikono miwili, hakuzihesabu.

"Nilikwenda Inyonga," Kasilda alisema. "Mbele ya mkutano. Nimewaambia ni yako. Wameandika."

"Wamesemaje?"

"Wamesema wanao tayari."

Apollinarie aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua haijanyesha huko pia.

"Mwalimu, nilifanya vibaya. Nilidhani kwa kuwa haipungui..."

"Ungeniuliza, ningewapa," alisema. "Inyonga ningewapa. Ni kwenu. Ningekwenda kuwawekea, wangenipa chakula, wangejua ni mimi. Hilo lingetosha kuanzia. Walinifungulia mfuko. Nguo zangu za ndani waliziweka mezani."

Ndani ya darasa watoto walianza kupiga kelele. Aligonga dirisha kwa kidole, wakatulia.

"Nikuulize kitu kimoja. Kashinje alipita hapa anatafuta mihogo ya kununua, hakuniona, akawa anasimulia watu habari za mwizi wa Inyonga. Akasema na wewe ulipigiwa makofi, ukala asali. Siku ile, unapokula asali ile, ulikuwa umeshaambiwa habari zangu? Au uliambiwa baadaye?"

Kasilda aliniambia kwamba jibu jepesi lilikuwa tayari mdomoni, na kwamba pale nje ya darasa hapakuwa na mtu wa kumkanusha. Apollinarie alikuwa ameshamfungulia mlango wa kutokea, na alimtazama kama anayemwomba apite humo.

"Nilikuwa nimeshaambiwa," alisema. "Nilikula baada ya kuambiwa."

Apollinarie alitazama disketi mkononi mwake. Hakukasirika usoni. Alisema asante kwa kumjibu, akamwambia lori la mwisho la kwenda Mpanda hupita kituoni kabla ya jua kuzama, asichelewe, akarudi darasani. Watoto walisimama wote kwa pamoja kumpokea. Akawaambia waketi, akauliza nani hajamaliza kunakili.