Mbuzi Hawakuingia Kwenye Gari

Gari lilikuwa la kubebea mikate. Baba ya mtoto alilinunua likiwa kuukuu, akang'oa rafu, akaweka godoro, jiko la gesi na pazia nililoshona mwenyewe mtoto akiwa mgongoni. Akasema tutazunguka hiyo nchi kavu yote, kutoka mji wa Wote mpaka kwetu mbele ya Mutomo, na tukifika atapeleka mbuzi wa ntheo. Hao mbuzi watatu, kwetu Wakamba, ndio wanakufanya mke. Bila hao utapika kwa mtu mpaka uzeeke, na ukifa maiti yako inarudishwa kwenu. Kwa hiyo nikapanda. Sikupanda kuangalia mandhari. Hilo jua na hayo mawe nimezaliwa nayo.

Njiani aliongea sana, lakini si na mimi. Aliongea na simu, akijirekodi. "Wapendwa, leo tuko Kambu, familia iko sawa kabisa." Familia ilikuwa nyuma ikitafuta maji ya kuosha nepi. Akizima simu, ananyamaza. Nimewahi kuishi peke yangu kwa chumba cha kupanga na sikuwa mpweke namna ile.

Tulipoacha barabara kuu vumbi liliingia mpaka kwa uji wa mtoto. Miti ya miiba, mito ya mchanga mtupu, punda wamebeba mitungi. Kila kitu alikiona kizuri. Akashuka kurekodi punda.

Mutomo tulikuta siku ya soko. Mzee mmoja muuza mbuzi, wa kutoka kaskazini mashariki, alimshikia beberu pembe.

"Chukua huyu, kijana. Hata baba mkwe mkali atanyamaza."

Baba ya mtoto akampiga beberu picha, mbele na nyuma.

"Unanunua ama unamchumbia?" mzee akauliza, na watu wakacheka.

"Tutapitia tukirudi."

"Kurudi kutoka wapi?" nikamuuliza tukiwa garini. "Kwetu si ni hapo mbele?"

"Mama mtoto, usinipigie kelele. Kwani lazima niingie? Nitaegesha nje ya ua. Hii ni nyumba yangu. Nikilala kwa nyumba yangu nimevunja mila gani?"

Mkwe ambaye hajatoa ntheo hakanyagi boma la wakwe. Yeye alidhani ameipata njia ya kuzunguka.

Tulipofika kwetu nikashuka na mtoto. Mama yangu alikuwa anapepeta mbaazi. Alitukumbatia, kisha akaangalia lile paa jeupe nyuma ya ua wa miiba.

"Nani amewaleta?"

"Ni dereva," nikasema.

"Na mnamwacha kwa jua? Mwite ale. Dereva ni mtu."

Nikarudi garini nikamwambia ameitwa, na ameitwa kama nani. Nilingoja akasirike. Nilingoja aseme, mimi ni baba ya huyu mtoto, nipe mpaka jioni nirudi sokoni. Alifunga vifungo vya shati akanifuata.

Alikula muthokoi sahani mbili. Mama alikaa mbele yake kwenye kigoda, akamuuliza habari za barabara.

"Ongeza, dereva. Safari ni tumbo."

"Asante sana, mama."

Alijibu vizuri, kama mtu aliyekodiwa.

Kisha mtoto akatambaa kutoka kwangu, akampanda mapajani na kuingiza mkono kwa sahani yake, kama alivyozoea. Mama akamwangalia mtoto. Akamwangalia huyo mtu. Akavuta leso mpaka usoni, akainuka, akaingia jikoni na hakutoka tena. Mama mkwe haketi mbele ya mkwe anayekula. Alimpa heshima ya mkwe bila hata kwato moja ya mbuzi, na mimi nikawa nimeiona.

Naye aliiona. Si mgeni, ni Mkamba. Akaweka sahani chini, akanipa mtoto.

"Basi niende?" akaniuliza, bado kwa sauti ya dereva.

"Enda."

Ukitoka kwetu, soko liko kushoto, na lilikuwa halijafungwa. Nilisimama kwa lango na mtoto, pazia langu likipepea dirishani. Gari likakata kulia.