Daftari la Ndege za Vita Limeniponza

Jamani, daftari la mchezo limenikwamisha kwenye kizuizi cha barabarani tangu asubuhi!

Nilitoka Kasulu kwenda Kibondo kwa rafiki yangu Nestori. Huwa tunacheza vita vya ndege mezani, kwa kete na kadi.

Afande akafungua begi, akasoma daftari:

"Ndege ya kivita. Kasi nane. Makombora manne. Hizi siri umezitoa wapi?"

"Ni mchezo tu, afande! Mpigie mwenzangu umuulize."

Akapiga kwa simu yangu, akaweka spika.

Nestori hakungoja hata salamu. "Umebeba zile ndege? Leo nakulipua!"

Nikakaa chini kabla sijaamriwa.

Sasa nimerudishiwa simu nitafute shahidi. Mliowahi kucheza nami, njooni mnitetee.

Ila nawaomba, msipige simu.