Mikwaruzo Mitatu Chini ya Dude

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu asiyeweka alama kwenye dumu lake la maji alirudi nyumbani mikono mitupu. Alama ya kwetu ilikuwa mikwaruzo mitatu karibu na mshikio. Mimi kitu kisicho na alama sikiamini, sitaki kudanganya.

Kwa hiyo shemeji, kaka wa mke wangu, aliponitafutia kibarua cha wikiendi pale Shively, kitongoji cha Louisville huku Marekani, nilianza kwa kukwaruza. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea kwa mama mmoja Mzungu mwenye gari la maonyesho: bodi ya pikapu juu ya matairi yaliyonizidi kimo, linaruka juu ya magari mabovu, watu wanashangilia. Sisi tuliliita Dude. Kazi yangu ilikuwa kuliosha. Shemeji alimwambia bosi, "Huyu namdhamini mimi," kisha akanigeukia: "Ukiharibu, umeniharibia na mimi. Nina watoto wanne." Nikaitikia. Siku hiyohiyo nikachukua msumari, nikachora mistari mitatu kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, nyuma ya gurudumu la kushoto. Sikumwambia mtu.

Kwenye onyesho la Columbus, Dude liliruka mbali kuliko gari lolote la aina yake. Rekodi. Wapimaji walivuta tepu mara mbili, nami nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Bosi akanituma mtaa wa Morse Road nikalete sambusa za kusherehekea. Niliporudi, Dude limefunikwa turubai, na shemeji amesimama mbele yake.

"Leo haliosheki. Kapumzike."

Hakunitazama usoni. Machale yakanicheza. Gari limevunja rekodi, linafichwa kwa nini? Njia nzima ya kurudi Louisville niliwaza hilo tu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa Buffalo, watu wamepanga foleni wapige picha na gari la rekodi. Nikaingia chini na kitambaa changu. Nyuma ya gurudumu la kushoto chuma kilikuwa kipya, rangi bado inanuka. Mikwaruzo hakuna. Damu ikanichemka. Yaani lile halisi wameliweka kwao, hapa wanatuingiza mjini na la kuchakachua! Nikamvuta shemeji pembeni, nikamuuliza.

"Fanya kazi," akasema. "Tutaongea onyesho likiisha."

Liishe ndio nini? Nikaiendea foleni, nikawaambia watu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwenye kazi ya ghalani, kwamba hili silo lililoruka Columbus. Minong'ono ikaanza. Bosi akasikia.

Hakupandisha sauti. Alituita nyuma ya trela, akanieleza taratibu. Columbus, Dude lilipotua, chesisi ilipasuka. Hakutaka habari zitoke kabla halijapona. Shemeji ndiye aliyekata kipande kibovu na kuchomelea kipya. Gari ni lilelile. Kisha akamuuliza shemeji, "Bado unamdhamini?"

Shemeji aliinama kwanza. Alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye taulo, akanikabidhi. Kilikuwa kipande cha chuma, kizito, kimesuguliwa kikang'aa. Kilikuwa na mikwaruzo mitatu.

"Tumechota maji bomba moja miaka kumi," aliniambia. "Alama ya kwenu naijua. Nilitaka nikupe leo, mbele ya wote, uiweke sebuleni."

Niliona aibu. Nikaanza kusema samahani.

Akamgeukia bosi. "Hapana," akajibu. "Simdhamini tena."

Nilirudi Louisville kwa basi, peke yangu, chuma hicho nimekipakata.