Sentensi Niliyoiandika Mara Mbili

Kwetu Kibokoni, mtaa wa pwani, neno chuo lina maana mbili. Kuna chuo anakopelekwa mtoto kusoma Kurani, na kuna chuo cha diploma na vyeti. Cha kwanza nilikimaliza nikiwa na miaka kumi na miwili. Cha pili nilikianza nikiwa na thelathini na mbili, mwanangu wa mwisho alipoingia shule. Nilichukua diploma ya lishe.

Sikuwa na wasiwasi wa kusoma. Tangu utotoni nilikuwa na kichwa cha kuhifadhi. Ukinipa ukurasa asubuhi, adhuhuri nakusomea bila kuutazama. Sekondari nilipita hivyo hivyo. Chuoni masomo yalikuwa ya Kiingereza, na mhadhiri alikuwa akitugawia makaratasi aliyoyapiga chapa mwenyewe. Niliyahifadhi yote, nikienda na kurudi ukumbini kwetu. Niliona hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi, na kwamba naifanya vizuri.

Mtihani wa katikati ya muhula uliuliza kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito. Niliandika kurasa mbili na nusu bila kusita. Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini kwa mkuu wa idara. Nilikuta watu watatu: mkuu mwenyewe, mhadhiri wetu, na mwalimu mmoja wa kike niliyekuwa simjui. Karatasi yangu ya mtihani ilikuwa mezani, imelazwa kando ya makaratasi ya somo.

"Mama, uliingia na haya makaratasi?" mkuu akaniuliza.

"La. Sikuingia na kitu."

Akanionyesha mahali. Mhadhiri alipokuwa akipiga chapa alikuwa amekosea, sentensi moja akaiandika mara mbili, moja chini ya nyingine. Na mimi kwenye mtihani nilikuwa nimeiandika mara mbili.

Sikukasirika. Nilimwambia anitajie ukurasa wowote. Akautaja wa sita, nami nikausoma kwa moyo tangu juu hadi chini. Mhadhiri alikuwa akifuata kwa kidole. Nilipofika mwisho akanyanyua kichwa akamwambia mkuu, "Ni kweli. Hakuiba."

Nilidhani yameisha. Ndipo yule mwalimu wa kike akazungumza. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu.

"Hiyo sentensi ya mara mbili," akasema, "inamaanisha nini?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni sentensi inayofuata.

"Hapana. Hiyo ninayo hapa. Nakuuliza maana."

Nakumbuka nilitazama feni ya darini, ambayo haikuwa ikizunguka. Mkuu aliandika kitu kwenye faili, kisha akaniambia kwamba nitaurudia mtihani baada ya wiki tano, na kwamba kila Jumamosi nitahudhuria darasa la huyo mwalimu. Lilikuwa darasa la kuwafunza watu kusoma na kuandika kama wanafunzi wa chuo. Nilitoka nikiwa nimesafishwa wizi, na nikaona afadhali wangeniita mwizi, maana hilo ningeweza kulikana.

Darasa lilikuwa karibu na stoo ya viti. Tulikuwa kumi na mmoja, wengine wametoka kidato cha nne juzi tu, na mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote. Kazi ya siku ya kwanza ilikuwa nyepesi kuisikia: soma aya moja, funika karatasi, kisha andika mistari miwili kueleza aya ile imesema nini. Wenzangu wakaandika. Mimi niliandika aya nzima kama ilivyokuwa.

Mwalimu akaisoma, akaipiga mstari. Nikajaribu tena, nikabadilisha maneno mawili matatu. Akaipiga mstari tena.

"Bado ni ya mwenye karatasi," akasema. "Wewe uko wapi hapa?"

Jumamosi mbili zikapita hivyo. Ya tatu akanipa kazi ya nyumbani. Nitafute mtu asiyejua Kiingereza, nimweleze somo la upungufu wa damu mpaka aelewe. Nisimsomee.

Nyumbani mtu huyo alikuwa mamangu. Alikuwa akishona kofia, na sikio lake la kulia lilikuwa limeshaanza kufa. Nilikaa upande wa kushoto, makaratasi mapajani, nikaanza, na kwa kuwa yale maneno nilikuwa nayo kwa mfuatano wake, nikawa nayatafsiri moja moja.

"Wasema nini?" akanikatiza. "Iweke tini hiyo karatasi. Nambia kwa ufupi, sisikii maneno mengi."

"Mwili hautumii madini yote ya damu yaliyomo chakulani."

"Kwani yaenda wapi?"

Kwenye makaratasi hapakuwa na swali kama hilo, ila jawabu lake lilikuwepo. Nililitafuta kichwani, nikalipata katika ukurasa wa nne.

"Mengine yapita tu, yatoka. Na ukinywa chai pamoja na chakula, yapita mengi zaidi. Chai yayazuia."

Akaweka sindano. "Chai hii yangu?"

"Chai yoyote ya majani."

"Na ndimu je? Mimi mchicha wangu naukamulia ndimu."

Nilikuwa nakaribia kumwambia sijui. Kisha nikakumbuka ukurasa wa tano, ile aya ya vitamini niliyoihifadhi kuliko zote kwa sababu ilikuwa na majina magumu. Ilikuwa ikizungumzia ndimu. Neno ndimu halikuwemo, lakini ilikuwa ndimu tupu. Nilikuwa nimeisoma labda mara arubaini.

"Ndimu yasaidia," nikamwambia. "Yafanya mwili uyashike."

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, akaendelea na kofia yake.

Usiku ule niliandika mistari miwili. Jumamosi mwalimu aliisoma, akasahihisha kitenzi kimoja, akanirudishia.

Kutoka hapo nilikuwa nikimweleza mamangu aya moja kila siku baada ya alasiri. Siku nyingine alichoka akanifukuza. Maswali yake mengi hayakuhusu somo. Mara moja aliniuliza mhadhiri ni mtoto wa nani. Lakini yale machache yaliyohusu niliyaandika pambizoni mwa makaratasi yangu, na mwishoni nikawa nayaandika mwenyewe kabla hajauliza.

Mtihani niliourudia ulikuwa na swali jingine. Niliandika ukurasa mmoja na nikafuta sana. Nilipata hamsini na nane. Kwa kuhifadhi nilikuwa nimezoea themanini, na sitasema nilifurahi. Mhadhiri alisema ni alama safi. Nikamwitikia ahsante, nikaenda zangu.

Muhula wa pili sikulazimika kwenda Jumamosi, lakini nilikwenda. Siku moja mwalimu aliniita mbele. Vijana wa darasa lile walikuwa wakielewa mambo na kuyasahau kesho yake, akanitaka niwafundishe ninavyohifadhi. Sikuwahi kujiuliza nafanyaje. Mwisho nikawaambia: nasoma kwa sauti, nakata vipande vidogo, sihamii kipande cha pili mpaka cha kwanza kikae, na asubuhi naanza kwa cha jana. Mmoja akauliza kwa nini kwa sauti. Nikafikiri, nikamjibu kwamba nikikosea sikio langu linajua kabla yangu.

Wanne kati yao waliifuata njia hiyo. Wengine walisema ni kazi nyingi. Diploma niliimaliza mwaka uliofuata, kwa alama za katikati.