Ngano ya Panteli

Rodu ndiye aliyekuwa mpishi wa ngano ya wafu. Kijijini kwetu, juu huku kwenye mizabibu ya kisiwa cha Kipro, hapakuwa na marehemu aliyetimiza arobaini bila sufuria ya Rodu. Ngano huchemshwa tangu alfajiri, ikaanikwa juu ya shuka, ikatiwa lozi, ufuta na komamanga, kisha ikapelekwa kanisani. Kila mtu huchota kiganja, akala, akasema, "Mungu amrehemu." Asiyeliwa ngano yake, huyo kafa mara mbili.

Mwaka ule Waingereza walikuwa wakiwasaka milimani vijana wa Chama, wapigania uhuru wa siri, na Chama nacho kikiwasaka wasaliti vijijini. Wa kwanza kuuawa na Chama alikuwa Loizo, mwana wa pekee wa Anezu mfumaji, jirani wa Rodu ukuta kwa ukuta. Risasi mbili, mlangoni pa kinyozi. Anezu akamfuata Rodu kisimani na ngano mbichi kwenye aproni.

"Nipikie, dada yangu. Arobaini ya mwanangu imefika."

"Ngano ya msaliti sipiki," Rodu akamjibu. "Wape kuku."

Wanawake wakacheka, na Rodu akatembea kifua mbele wiki nzima.

Haikupita miezi miwili, Waingereza wakamchukua mume wa Rodu. Panteli alikuwa mwendesha nyumbu, mtu wa klabu ya wafanyakazi, hampendi Mwingereza na Chama nacho hakipendi. Wengine waliokamatwa walirudi kutoka kambini wameng'olewa kucha. Yeye alirudishwa siku ya pili kwa gari la jeshi, akashushwa mbele ya mkahawa, hana hata mkwaruzo. Kapteni akamtia pakiti ya sigara mfukoni, akampigapiga begani, kijiji kizima kinatazama. Kapteni alijua anachofanya.

"Umewaambia nini?" Rodu akamuuliza.

"Hata jina hawakuniuliza, mke wangu. Wamenipa supu."

"Si bora ungerudi umevunjwa mguu, mpumbavu we!"

Siku ya nne Panteli aliuawa kwa risasi akimwekea nyumbu tandiko. Karatasi ya Chama ikabandikwa mlangoni pa kanisa: atakayekula ngano ya msaliti, yake itapikwa.

Arobaini ilipofika, Rodu akapika kuliko alivyowahi kumpikia yeyote. Misa ilipokwisha akasimama na sinia chini ya karatasi ileile. Watu wakatoka wakitazama viatu vyao. Akatoka Yakumi fundi viatu, baba wa ubatizo wa binti wa Rodu; ndiyo maana wakiitana kumbari.

"Kumbari, chota."

"Tumbo linanisumbua, kumbari."

"Jumapili ulimaliza mbuzi harusini, leo tumbo?"

"Rodu, usinitafutie kaburi," akanong'ona, akapita.

Kasisi naye akasoma karatasi kana kwamba hajawahi kuiona, akakusanya kanzu yake, akaenda zake.

Ndipo akaja Anezu, kajifunika nyeusi tupu. Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Akanyoosha mkono juu ya sinia.

"Nitakula. Kiganja kizima, na waje waniue, nina nini cha kupoteza? Lakini kwanza sema, hawa wote wasikie: Loizo wangu hakuwa msaliti."

Rodu alijua. Alijua tangu siku ile ya kisimani kwamba Loizo hakuwa na kosa ila ulevi na mdomo mrefu. Neno moja tu, na Panteli angepata mtu wa kumwombea. Lakini kulisema ni kukiri mbele ya wale wanawake wa kisimani kwamba alimtukana mama wa mtu asiye na hatia. Na Rodu hakuwahi kulifuta neno lake, hata kwa mama yake mzazi.

"Panteli wangu kaonewa," akasema. "Wako sijui."

Anezu akauondoa mkono polepole.

"Basi wape kuku."

Rodu akala mwenyewe, amesimama palepale, kiganja baada ya kiganja. Kila kiganja, "Mungu amrehemu," kwa sauti, mbele ya uwanja uliobaki mtupu, mpaka akatapika ukutani mwa kanisa. Iliyobaki akaibeba nyumbani, akaianika uani, akaila siku tatu, fimbo ya kufukuzia kuku mapajani. Kuku wa Anezu wakawa wanaruka ukuta. Wa kwanza aliyedonoa punje, Rodu alimnyonga shingo, akamrusha ng'ambo, kwa Anezu.