Basoda Ndani ya Damu

Tulipoanza kupima damu ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kuona kama miili yao imejitengenezea kinga dhidi ya korona, niliambiwa nitafute neno jepesi la kuwaelezea kinga hiyo. Nikachagua basoda, yaani wanajeshi. Nilijiona mwerevu kweli kweli. Kisangani hii, nani asiyewajua basoda?

Kati ya wote waliokuja, nilimpenda zaidi mama mmoja muuza lituma, ndizi za kupondwa. Aliniita docta ingawa mimi ni mpima damu tu, nami sikumkatalia. Kila alipokuja kuchukua dawa zake aliniletea lituma ya moto iliyofungwa kwa majani. Majibu yake yalipotoka, nilimvuta pembeni.

"Mama, basoda ya corona iko mingi ndani ya damu yako!"

Akapiga kigelegele, akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Siku yake ya kuchukua dawa ilipofika, hakuja. Wiki ikapita, na ya pili. Nikafunga maabara, nikamfuata kwake Mangobo, roho ikiwa mkononi. Nilimkuta uani peke yake akitwanga ndizi, mzima kabisa. Nikamuuliza kuhusu dawa.

"Dawa ya nini tena, docta? Wewe mwenyewe ulisema basoda iko mingi. Niko na armée, jeshi muzima!"

Nilitaka kumfokea, lakini nimfokee kwa lipi? Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa na akili pia. Nilimpenda mama huyu, na nilikuwa karibu kumuua kwa mfano wangu mzuri.

"Mama, bale basoda banajua corona tu. Hii ugonjwa ingine iko na mayele, iko na ujanja. Inaua kwanza bakubwa ya basoda. Dawa yako ndiyo inachunga ba commandant."

Mchi ukasimama kinuni. Vita vilipoupiga mji huu, mama alivuka mto na watoto wake na sufuria moja. Aliporudi, alikuta basoda wameng'oa hata milango ya nyumba. Alikuwa amenisimulia hayo mara nyingi, nami nikamletea neno lile lile bila kufikiri.

"Basoda bila commandant?" akauliza polepole.

"Ndiyo, mama."

"Banapora."

"Banapora, mama."

"Bon. Ungesema vile tangu mwanzo."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la vidonge alilokuwa amelificha kwenye unga. Akameza kimoja mbele yangu, akaweka kiganja tumboni.

"Commandant," akasema, "rudia kazi."

Nilimwomba msamaha mara mbili. Akanicheka, akanifungia lituma kwa majani.