Injini ya Baba Ndani ya Drumu

Kwetu Kitengela hakuna maji ya kuelea hata bata, lakini baba alipokuja kukaa kwangu ili atibiwe macho, alikuja na injini ya boti. Ilisafiri kutoka bwawa la Masinga ndani ya buti la basi, imefungwa blanketi na gunia kama mgonjwa wa pili. Ni injini nzee kuliko mimi. Rangi imebambuka, mfuniko unashikiliwa na waya, na ndiyo iliyonisomesha. Alisema hawezi kuiacha bwawani na yeye haoni.

Kila wiki tuliifunga kwenye ukingo wa drumu uani, mguu wake ukazama majini, akaiwasha kidogo isije ikaganda.

"Usiiwashe bila maji hata siku moja," aliniambia. "Hii si pikipiki, haipozwi na upepo."

Nilisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu mtu akikosea hupenda kusema hakuambiwa.

Jumapili moja baba akiwa kanisani, kina mama wa chama walikutana kwangu. Waliona gunia uani, wakauliza ni nini, na nilipowaambia wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Boti Kitengela? Hebu iwashe tuisikie!" Tulikuwa tumengoja lori la maji wiki nzima, na drumu lilibaki na maji ya kupikia tu. Kutumbukiza chuma chenye oili humo ili watu wafurahi kungekuwa aibu. Kwa hiyo nikaifunga kwenye benchi, ikiwa kavu, nikavuta kamba. Iliponguruma walipiga vigelegele, nami kichwa kikavimba. Niliiacha ingurume mpaka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikaizima, nikairudishia gunia lake, nikaenda kumimina chai.

Wiki mbili baadaye baba alikuwa ameshapasuliwa jicho moja, limefunikwa bandeji, na lile lingine lilikuwa bado na ukungu. Lori lilikuwa limekuja, drumu limejaa. Injini iliwaka mara ya kwanza. Baada ya dakika chache ikaanza kukohoa, nguvu zikapungua, ikafa.

Injini ya namna hii ikiwa nzima hutoa uzi mwembamba wa maji ubavuni, na hapo unajua maji yanazunguka ndani na kuipoza. Wavuvi husema inakojoa. Baba aliiacha ipoe, akaiwasha tena, akanigeuzia uso.

"Mama, inakojoa?" Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Ubavu ulikuwa mkavu kabisa.

"Inakojoa, Baba."

Niliogopa, basi. Mtu mzima mwenye watoto, nikaogopa kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Kama inakojoa, basi shida si joto," akasema. "Ni plagi ama ni mafuta."

Akabadilisha plagi. Akafungua kabureta kwa kupapasa, akaipuliza kila tundu kwa mdomo. Akamwaga petroli yote na kuchanganya nyingine na oili, akiinusa kwa sababu hakuweza kuiona rangi yake. Kila mara injini iliwaka, ikakohoa, ikafa, na kila mara aliniuliza swali lile lile. Siku ya tatu uongo ulinitoka kabla hajamaliza kuuliza. Usiku sikuweza kumtazama akila.

Siku ya nne aliketi juu ya kreti, mikono imejaa oili.

"Ni mimi," akasema. "Kuna kitu nimerudisha vibaya. Mtu ameshindwa na injini yake mwenyewe, huko majini ataenda kufanya nini? Nipigie yule mwenzangu tunayevua naye Masinga. Nataka nimwambie achukue boti."

Nikalitafuta jina kwenye simu. Nikalipata. Kidole kikakataa.

"Baba, haikojoi. Haijakojoa hata mara moja. Niliiwasha kavu, ile siku ya chama."

Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Leta spana. Fungua huku chini."

Nilifungua mguu wa injini, na ndani yake kikatoka kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Mapanga yake yalikuwa yameungua na kukatika. Baba alikizungusha vidoleni muda mrefu.

"Siku nne," akasema.

Kigurudumu kipya nilikitafuta Nairobi mpaka nikakipata, nikakifunga mwenyewe huku yeye akinielekeza. Tukajaza drumu. Injini ikanguruma bila kukohoa, na uzi wa maji ukaruka ubavuni mpaka ukutani.

"Inakojoa, Baba!" nikapiga kelele. "Inakojoa!"

Aliinama, akanyoosha mkono, akapapasa ubavu wa injini polepole mpaka maji yakampiga kiganjani. Ndipo akaniamini.